Jemadari na Viatu vya Wakwe

Hussam hakuwahi kumpenda paka wala kumchukia, lakini siku aliyomsikia Bi Kafedha akiapa mbele ya watu kwa ajili ya paka, alihisi huruma kubwa ya wanyama ikimwingia moyoni kwa ghafla.

Alikuwa Bakarani, ndani ya duka la dawa za mifugo la Nicanor. Hakwenda kununua kitu. Duka lile lina feni, na mtu asiye na kazi ana haki ya kuchagua mahali pazuri pa kukaa bila kazi. Mara akaingia Bi Kafedha wa Mlaleo, mwanamke mnene wa nyumba nne za kupangisha, amebeba kikapu kilichofunikwa leso kuukuu. Kikapu kilikuwa kikinguruma.

"Nicanor mwanangu, nipa dawa ya adabu."

"Adabu ya nani, mama?"

"Ya huyu." Akafunua. Paka dume wa manjano, shingo nene, sikio moja limechanika, akawatazama wote kama wadeni wake. "Jemadari huyu. Wageni wakivua viatu mlangoni, yeye huvikojolea. Tena si vya kila mtu! Ni vya wanaokuja kumposa binti yangu Hanan. Walikuja wa kwanza, akawalowesha. Wakaja wa pili, akawalowesha. Sasa watu wasema nyumba yangu ina nuksi. Na Ijumaa hii yuwaja Mzee Talha wa Changamwe, ampose Hanan kwa ajili ya mwanawe Abdillahi. Mzee Talha mwenye malori ya Kipevu! Sikukwambia lori, Nicanor. Nimekwambia malori."

Nicanor, mtu wa bara aliyekaa pwani hadi akajifunza subira, akakuna kichwa. "Mama, mimi niko na dawa ya minyoo, ya kupe na ya viroboto. Ya tabia sina. Labda ahasiwe."

"Astaghfirullah! Jemadari wangu?" Bi Kafedha akamfunika paka masikio. Halafu akawageukia wateja wote, akainua kidole. "Basi sikizani. Wallahi, atakayemponya paka huyu, asiloweshe kiatu cha mtu hata kimoja, nampa chumba changu cha mbele mwaka mzima bila kodi."

Chumba kile kilijulikana Kisauni nzima. Kilikuwa barabarani, kina mlango wa chuma, na ufunguo wake ulifungwa kwenye pindo la leso ya Bi Kafedha usiku na mchana. Na Bi Kafedha mwenyewe alijulikana zaidi. Mwanamke aliyewahi kwenda matangani kwa mpangaji wake, akalia machozi ya kweli, kisha akamnong'oneza mjane kwamba mwezi umeisha.

Yafaa msomaji ajue hali ya Hussam wakati ule. Alikuwa na umri wa kuwa na nyumba, lakini alilala kwenye kochi la dada yake Tima, miguu ikining'inia nje. Alikuwa amewahi kuuza viwanja vya baharini, yaani ndani ya bahari, na viza za nchi zisizotoa viza. Kila alichokipata kilimtoka kwa njia ileile kiliyoingilia. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata, mlango wa kufunga kwa ufunguo wake mwenyewe. Akili ya biashara ilimwambia kwamba chumba kile angeweza kukipangisha kwa watu watatu siku moja, kisha ahamie Malindi. Lakini chini ya akili hiyo kulikuwa na moyo uliomwambia mambo mengine, ambayo hakuyasikiliza.

Akasogea mbele, akakohoa kidogo. "Assalam aleikum, mamangu. Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba. Weye nani?"

"Daktari Hussam. Mtaalamu wa tabia za wanyama wa nyumbani. Sikutaka kuingilia, lakini nimemwona mgonjwa, na moyo wangu umekataa kunyamaza."

Nicanor alifungua mdomo, akakumbuka kwamba Hussam ana deni dukani kwake, akaufunga. Daktari mwenye chumba hulipa upesi kuliko tapeli wa kochini.

*

Kesho yake daktari alifika Mlaleo. Alivaa koti jeupe alilolinunua kwenye mitumba ya Kongowea. Koti lile zamani lilikuwa la mtu wa bucha, na ingawa lilifuliwa mara nyingi, pua ya binadamu ndiyo tu iliyodanganyika. Shingoni alining'iniza mpira wa kusikilizia moyo, ambao aliuazima kwa mtu aliyeutumia kusikilizia mabomba ya maji. Akavua viatu mlangoni, vyeusi, vyenye ncha, vilivyong'aa kuliko maisha yake, akaingia.

Jemadari alimwona, akanusa, akamrukia mapajani na kuanza kulilamba koti kwa mapenzi.

"Subhanallah!" akasema Bi Kafedha. "Huyu hata miye hanilambi."

"Mnyama humjua mtu wake," akasema Hussam, naye mwenyewe ameshangaa. Akatia mpira masikioni, akamsikiliza paka kwenye goti. Akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mama, tatizo nimeliona. Huyu ana mimba changa. Hali hiyo huwabadilisha tabia."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Jemadari ni dume, daktari," akasema Bi Kafedha.

Hussam hakutikisika hata kidogo. "Ndiyo maana ugonjwa wenyewe ni mgumu," akasema.

Bi Kafedha akakubali kwa kichwa, maana jambo hilo lilimwingia akilini kabisa. Kisha akaita, "Hanan! Ndoo hapa, mletee daktari sharubati."

"Abee, mama."

Akatoka msichana mrefu, macho chini, ushungi umemkaa vizuri, sinia mkononi. Aliweka sharubati ya ukwaju mezani kwa utulivu kiasi kwamba hata glasi haikulia.

"Huyu naye," Bi Kafedha akalalamika, "nimemsomesha Kilifi mambo ya mifugo, amerudi na karatasi. Akanililia nimpe chumba cha mbele auze dawa za ng'ombe. Nikamwambia mume kwanza, ng'ombe baadaye. Na nimemwuliza Jemadari ana nini, ati hajui! Elimu gani hiyo?"

"Hata mimi yamenishinda, mama," akasema Hanan kwa sauti ndogo.

Hussam alimhurumia. Alifikiri: maskini, msichana mzuri namna hii na kichwani hamna kitu. Tutakuja kulikumbuka wazo hilo.

Adhana ya alasiri iliposikika, Bi Kafedha akaenda ndani kutawadha na kuswali. Hanan akabaki, akaketi mwisho wa baraza, mbali kama adabu inavyotaka. Alipoinua macho, Hussam aliona kwamba hayakuwa macho ya mtu asiye na kitu kichwani.

"Daktari, moyo wa paka uko gotini?"

Hussam akaushika mpira wake. "Kuna njia mpya..."

"Usijichokeshe. Nilijua ulipompa dume mimba." Hakucheka, ingawa kona ya mdomo ilitaka. "Mimi ndiye ninayemfanya akojoe."

"Wewe?"

"Nina kitambaa. Nakipangusa pale kwenye ukuta anapokojoa paka dume wa jirani, kisha nakipitisha kwenye viatu vya mgeni. Dume akisikia harufu ya dume mwingine mlangoni kwake, huweka yake juu. Basi. Mimi ni binti wa watu, daktari. Wakija wazee na udi wao siwezi kutoka nikasema simtaki. Jemadari ananisemea."

Hussam aliduwaa. Alikuwa ameishi na watu wajanja tangu utotoni, lakini huu ulikuwa ustadi wa kuvuliwa kofia. "Na sasa unaniambia kwa nini?"

Hanan akapumua, mabega yakamshuka. "Nimechoka. Nitapigana na mama mpaka lini? Ijumaa sitaki kugusa kiatu cha mgeni yeyote. Waje, wapose, waende na viatu vikavu. Wewe utapata ufunguo wako."

"Na wewe?"

"Mimi nitapata malori," akasema, akatazama chini tena.

Sauti ile ilimuuma Hussam mahali asipopajua. Lakini ufunguo ulikuwa umeshaanza kulia masikioni mwake.

"Ila jambo moja," Hanan akaendelea. "Unamjua mama. Viatu vikiwa vikavu bila dawa kuonekana, atasema Mungu ndiye aliyeponya, na Mungu hapangishi chumba. Lazima aone gharama. Ijumaa uje na udi wa kumtuliza paka kwa moshi. Na marashi ya mawaridi, uyanyunyize mlangoni. Na doti ya leso mpya, nzuri, alalie. Na halua kidogo."

"Halua ya nini?"

"Ya mama. Akila tamu hukubali vitu. Upange vizuri kwenye sinia, ufunike kitambaa cha kudarizi. Na kwa vile ni Ijumaa, na wageni ni watu wa dini, uvae kanzu, usije na koti hilo. Koti mtandikie kikapuni."

Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri. Hussam akayakariri njiani hadi nyumbani, moja baada ya jingine, na hakuna hata mara moja alipoyaweka yote pamoja akayatazama.

*

Dada yake Tima aliyaweka pamoja mara moja.

"Udi, marashi, doti ya leso, halua," Tima alirudia polepole. "Na kanzu. Unakwenda nyumbani kwa Bi Kafedha mwenye binti. Ijumaa baada ya swala."

"Ndiyo. Ni kazi, dada. Nikopeshe, nitakulipa."

Kwa kawaida Tima alikuwa na majibu mawili kwa neno hilo, na yote hayafai kuandikwa. Siku hiyo machozi yalimlengalenga. Akaingia chumbani, akarudi na pesa za mchezo wake wa kuchangiana na akina mama na kanzu ya marehemu mumewe, imepigwa pasi, yenye harufu ya karafuu. "Chukua, ndugu yangu. Mungu akufungulie. Kwani peke yako utaweza? Huchukui mzee?"

"Mzee wa nini? Ni paka tu."

"Haya, ni paka," akasema Tima, akimpapasa shavu kama mtoto. "Na kumbe unaona haya!"

Hussam alidhani dada yake anaumwa. Hata hivyo alizichukua zile pesa. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, mjanja wa Kisauni akatanguliza mali katika utapeli wake mwenyewe.

*

Ijumaa alifika mapema, akavua viatu vyake vyenye ncha mlangoni, akaweka sinia katikati ya mkeka. Jemadari akajikunja kikapuni juu ya koti la bucha na kulala usingizi wa peponi. Bi Kafedha alipoona sinia aliridhika sana, hasa na halua.

"Hii dawa ni ya gharama, daktari."

"Afya haina bei, mama."

Wageni wakaja. Mzee Talha mbele, ndevu nyeupe, fimbo, mtu ambaye hata malori yake husimama wakati wa swala. Nyuma mkewe Bi Ruwaida, buibui jipya na vidole vimejaa pete, na wajomba wawili wanene. Viatu vikavuliwa mlangoni. Bi Kafedha akamtazama Jemadari. Jemadari akafungua jicho moja, akalifunga.

Salamu zilikuwa ndefu, za kiungwana. Wakaulizana hali, na za nyumbani, na za wagonjwa, na za waliokwisha pona. Kisha Mzee Talha akajiweka sawa aseme alilolijia, na macho yake yakaliangukia sinia. Akaliangalia. Akamwangalia Hussam, kijana mtanashati, kanzu nyeupe, ananukia karafuu. Akaliangalia tena sinia.

"Samahani, Bi Kafedha. Hivi ni vya nani?"

"Vya daktari huyu," Bi Kafedha akajibu kwa furaha, kwani alitaka waone nyumba yake inatembelewa na madaktari.

"Daktari. Mashallah. Amevileta leo?"

"Leo, mapema. Tangu juzi yuwaja hapa."

Bi Ruwaida akamfinya mjomba mmoja. Mzee Talha akashusha sauti. "Na mmeshamjibu?"

"Tumjibu nini?"

"Posa yake."

Hussam aliliangalia sinia. Udi. Marashi. Doti ya leso. Halua, chini ya kitambaa cha kudarizi. Sasa vyote vilikuwa pamoja.

"Posa! Wapi!" Bi Kafedha akacheka kicheko cha woga. "Huyu ni daktari wa paka!"

"Na leso ni za nani?"

"Za paka."

"Paka anavaa leso?"

"Analalia."

"Na halua?" akauliza Bi Ruwaida.

Bi Kafedha alifungua mdomo. Kuieleza halua kulitaka kueleza dawa, na kueleza dawa kulitaka kueleza ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mkojo kwenye viatu vya wakwe. Akamgeukia Hussam kwa macho ya kuomba msaada. Hussam naye akahesabu. Akisema ni posa, anaonekana mwongo kwa mama. Akisema ni utapeli, anatolewa kwa fimbo. Akaona bora kunyamaza.

"Kanyamaza," akasema mjomba mmoja. "Kijana ana haya. Amelelewa."

Mzee Talha akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo. "Bi Kafedha, hakuna ubaya. Sisi hatukujua. Dini imetukataza mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake mpaka ajibiwe. Tungesema neno moja zaidi, tungepata dhambi. Tunaondoka, na heshima yenu iko palepale."

Paka, kama tujuavyo, hana dini hiyo.

"Mzee, ngojani!" Bi Kafedha akawafuata hadi mlangoni, leso inaburuta, na malori yote ya Kipevu yanamtoka mbele ya macho. Lakini hakuna aliyekasirika, na mtu asiyekasirika ni vigumu kumrudisha. Wakaanza kuvaa viatu. Mzee Talha, vikavu. Bi Ruwaida, vikavu. Wajomba, vikavu.

Hussam aliona nafasi yake. Tapeli wa kweli hata meli ikizama hukumbuka kudai nauli. "Mama," akasema kwa upole, "mambo ya posa ni ya Mungu. Lakini mimi kazi yangu nimeifanya. Uliapa mbele ya watu Bakarani. Viatu hivi hapa, na mashahidi hawa hapa."

"Aliapa?" akauliza Mzee Talha.

"Wallahi alisema. Paka asipolowesha kiatu cha mtu hata kimoja, chumba cha mbele ni changu mwaka mzima."

"Basi mpe, Bi Kafedha. Kiapo ni kiapo."

Mkono wa Bi Kafedha ulikwenda kwenye pindo la leso polepole, kama unakwenda kung'olewa jino. Fundo likafunguka. Ufunguo ukatoka, mkubwa, mweusi, una joto la mwili wake. Hussam aliutazama, na Malindi na wale wapangaji watatu vikapotea akilini. Aliona mlango tu, ukifungwa kwa ndani, na kitanda kinachotosha miguu. Akanyoosha mkono wa kulia, na ili aupokee kwa heshima kama mtu anayeondoka na baraka, akatumbukiza mguu kwenye kiatu chake.

Chwaa.

Wote walisikia. Baada ya hapo, wote wakanusa. Hussam akautoa mguu, soksi inadondoka. Kikapuni hamkuwa na mtu. Jemadari alikuwa ameketi kizingitini, ametulia, anajilamba bega.

Alikumbuka kitambaa. Alikumbuka kila neno: sitaki kugusa kiatu cha mgeni yeyote. Naye hakuwa mgeni. Alikuwa daktari.

"Hata kimoja," akasema Bi Kafedha, nuru ikimrudia usoni. "Hata kimoja, nilisema!" Na ufunguo ukarudi pindoni, upesi kuliko ulivyotoka.

"Pole, kijana," akasema Mzee Talha, akiziba pua kwa adabu. "Lakini lako kubwa bado lipo. Binti asemaje?"

Watu wakageuka. Hanan alikuwa amesimama kwenye pazia. Hussam akamtazama, mguu mmoja mkavu na mmoja umelowa, na hapo likamtokea jambo lililomshangaza kuliko yote ya siku hiyo. Alitamani aseme ndiyo. Hakuwa na mahari, hakuwa na kazi, hata kanzu haikuwa yake, lakini alitamani kwa moyo wote.

"Kwa heshima zenu wazee," akasema Hanan, na sauti haikuwa ndogo tena, "mimi simtaki."

Ilimuuma. Tusifiche, ilimuuma sana. Alikuwa amewadanganya watu wengi bila kujua kwamba hivi ndivyo mtu anavyohisi, hasa dakika ileile aliyoanza kuamini.

"Basi amejibiwa," akasema mjomba mmoja kwa matumaini, akimtazama mwenziwe.

"Wajomba zangu," Hanan akasema, "nimepata sauti leo. Tafadhalini msinilazimishe niitumie mara mbili." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, kiapo chako bado kipo? Atakayemponya Jemadari?"

Bi Kafedha alitaka kusema kimekwisha, lakini Mzee Talha alikuwa bado mlangoni, na fimbo yake.

"Kipo," akajibu Mzee Talha kwa niaba yake.

*

Hussam alirudi kwa Tima pekupeku na sinia kichwani. Hanan alimrudishia kila kitu, kama desturi ya posa iliyokataliwa inavyotaka, isipokuwa halua, ambayo Bi Kafedha alikuwa ameimaliza kwa huzuni. Tima alilia, kisha akavaa zile leso. Zilimpendeza.

Jemadari akahasiwa. Hanan alimpeleka kwa daktari wa kweli huku mama yake amefumba macho na kusoma dua. Paka akanenepa, akapoa, akakosa hamu na kuta za majirani. Hakulowesha tena kiatu cha mtu, na Bi Kafedha, ambaye alihesabu siku akitumaini hata tone, ikabidi afungue fundo.

Siku moja Hussam alipita Mlaleo, ndara za mpira miguuni, maana hamu ya viatu vyenye ncha ilikuwa imemwisha. Chumba cha mbele kilikuwa kimepakwa rangi. Ndani mlipangwa dawa, vyakula vya kuku na kamba za mbuzi, na juu ya kaunta alilala paka mkubwa wa manjano. Wateja walipanga foleni. Hanan, katika koti jeupe, alikuwa akisikiliza moyo wa mbuzi, na si gotini.

Hussam alilitambua koti. Alilisahau kikapuni siku ile.

"Naona umeniibia vazi la kazi," akasema toka mlangoni.

"Karibu, daktari," akajibu Hanan bila kugeuka, lakini ile kona ya mdomo safari hii ilishindwa kujizuia. "Nicanor ameniambia unatafuta kazi. Ya kweli. Natafuta mtu anayeweza kumshawishi mfugaji wa Kisauni alipie chanjo ya kuku. Ni kazi ya ulimi."

Hussam akakohoa, akajiweka sawa, akatafuta uongo wa kufaa. Hakuupata.

"Niingie?"

"Ingia. Lakini sakafu ni mpya. Viatu mlangoni."

Hussam akaitazama sakafu. Akamtazama Jemadari, ambaye alifungua jicho moja. Kisha akavua ndara zake, akazikung'uta vumbi, akazitia kwapani, akaingia nazo.